Pampu ya joto: friji iliyogeuzwa nyuma mbele

Weka mkono nyuma ya friji ambayo haijazimwa tangu asubuhi. Utahisi joto. Sehemu yake imetoka kwenye samaki na maji uliyoweka ndani, friji ikalibeba na kulimwaga jikoni. Nyingine ni ya umeme iliyoutumia kwa kazi hiyo. Pampu ya joto ni mashine ileile, ila sasa kinachotakiwa ni joto la mgongoni, na ubaridi ndio unaotupwa.

Jina lake limekaa sawa. Pampu ya kisima haitengenezi maji, huyavuta tu, na hii nayo hulivuta joto lililoko hewani. Ndani yake mna gesi iliyobanwa ikawa majimaji, nayo huchemka upesi mno: propeni, mojawapo ya zinazotumika, ikiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa gesi kama hiyo, hewa ya Malindi ya nyuzi 28 ni jiko lililokwisha kokwa. Hufyonza joto la hewa ikawa mvuke, kisha kompresa huubana mvuke huo mpaka ukawa moto kweli (aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua pampu inavyochoma mkono). Moto huo huingia kwenye maji ya tangi, mvuke ukarudi kuwa majimaji, ukapenya kitundu chembamba, ukapoa, safari ikaanza upya.

Wazo ni la zamani. Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alieleza kwamba mashine ya namna hii ingepasha jengo joto kwa kutumia fueli kidogo kuliko kuichoma moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye tokeni za umeme. Kupasha lita 80 za maji kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunahitaji joto la uniti 3 hivi. Hita ya koili, hata ikiwa mpya kabisa, huitoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, haizidi. Pampu nzuri hutoa tatu kwa moja, kwa sababu mbili zimetoka hewani bure. Kwa hiyo maji yaleyale huyapasha kwa uniti 1 hivi. Uwiano huo ndio ule unaoandikwa COP kwenye kibandiko cha mashine. Usinunue kabla ya kuusoma.

Italia, walikotoka wenye nyumba wengi wa hapa Malindi, pampu hizi huwekwa mahali pa boila kuukuu za gesi ili kupasha vyumba kwa maji ya moto yapitayo mabombani. Huko kuna shida ambayo sisi hatuijui: hewa ikiwa baridi sana, joto la kuvuta ni haba, na uwiano hushuka siku ileile watu wanapotetemeka. Tena maji yake hayawi moto kama ya boila, kwa hiyo nyumba inayovuja joto huzibwa kwanza. Kwetu hata kusi ikivuma, hewa bado ina joto la kutosha.

Khalati wangu, mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Shela, aliing'ang'ania hita yake mpaka koili ikaungua mara ya tatu. Maji ya kisima yalikuwa yameivika ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Kwa nyumba ya watu wawili wanaooga maji baridi miezi tisa nisingemshauri pampu, bei yake haitarudi. Yeye ana wageni kila wiki.

Fundi alimfungia pampu ndani ya stoo, mbali na upepo wa bahari, maana chumvi hula upesi mapezi yake ya alumini, vile vibati vyembamba vinavyovuta joto la hewa. Dirisha liliwekwa wavu na kuachwa wazi ili hewa iingie. Stoo sasa ina ubaridi wa bure mchana kutwa, na kapu la nyanya limeshahamia humo.