Huduma kwa walio katika mazingira magumu: yanayodhaniwa na yanayoonekana kwenye utafiti

Dhana: Huduma ikitolewa kwa moyo mwema, haiwezi kumdhuru mtu.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni watu wema. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville nchini Marekani, ulianza mpango wa kuwaepusha wavulana na uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili waliolingana kwa umri na hali ya familia, kisha kwa kurusha sarafu mmoja akaingizwa kwenye huduma na mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Waliohudumiwa walitembelewa nyumbani na washauri, wakasaidiwa masomo na matibabu, wengine wakapelekwa kambi za likizo.

Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia. Takriban theluthi mbili ya waliojibu walisema msaada ule uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema vingine: waliohudumiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia uhalifu na wa kuwa walevi, na waliofariki walifariki mapema kuliko wenzao. Uchambuzi wake wa baadaye ulionyesha kuwa madhara yaliwaangukia hasa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja; huenda kule walifundishana tabia mbaya. Washauri wale walijitolea kweli, na wahudumiwa waliwashukuru. Bila kundi la ulinganisho, hadi leo mpango ule ungesimuliwa kama mfano wa kuigwa.

Dhana: Ni ukatili kumweka mtu kwenye kundi lisilopata huduma mpya.

Inategemea nani angeipata huduma hiyo kama utafiti usingekuwepo. Mwaka 2000 watafiti walianza kazi Bucharest, Romania, ambako watoto wengi walilelewa kwenye taasisi za serikali na familia za malezi ya kambo karibu hazikuwepo. Watafiti wenyewe ndio waliotafuta na kugharimia familia hizo. Kwa kuwa nafasi hazikuwatosha watoto wote 136, kura ilipigwa: nusu wakaenda kwenye familia, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida, kwa sharti kwamba mtoto yeyote akipatiwa familia kwa njia nyingine asizuiwe kutoka. Waliokwenda kwenye familia walipiga hatua kubwa zaidi kiakili, hasa waliotoka taasisini kabla ya kufikisha miaka miwili. Mwaka 2004 Romania ilipiga marufuku kuwaweka watoto wa chini ya miaka miwili kwenye taasisi, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Mjadala wa kimaadili kuhusu utafiti ule haujaisha, na ni haki uendelee. Hata hivyo, ulitoa ushahidi ambao ni vigumu kuupuuza.

Dhana: Asiye na makazi aache kwanza pombe au dawa za kulevya, ndipo apewe nyumba.

Mwaka 1992 Sam Tsemberis alianzisha New York mpango uliogeuza utaratibu huo: nyumba kwanza, matibabu kwa hiari ya mtu. Baadaye Kanada iliujaribu katika miji mitano kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba bila masharti hayo walidumu ndani yake kwa kiwango kikubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Ila tusiongeze chumvi: nyumba peke yake haikuwaponya uraibu.

Dhana: Maskini akipewa pesa taslimu atazinywea.

Hapana. David Evans na Anna Popova walipokusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali, hawakuona ongezeko la jumla la matumizi ya pombe na tumbaku.

Dhana: Watu walioumizwa wasihojiwe kabisa.

Ulinzi wa namna hiyo huwanyima sauti, na huduma zao zinaendelea kupangwa na wasiowajua. Kinachotakiwa ni masharti makali. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu utafiti wa ukatili wa majumbani inadai faragha kamili, wahoji waliofunzwa, na njia ya kumpeleka mhojiwa kwenye msaada anapouhitaji. Ningependa sharti jingine liwekewe mkazo huohuo: afisa anayetoa huduma asiwe ndiye anayeomba ridhaa, kwa maana ni vigumu kumkatalia mtu ambaye kesho utarudi kwake kuomba msaada.