Vib-Ribbon: Mchezo Unaochora Njia kwa Wimbo Wako Mwenyewe

Kazi yangu ni kurekodi kwaya na bendi ndogo katika studio iliyopo Mwanjelwa, jijini Mbeya, na saa nyingi za siku yangu hupita nikisikiliza wimbo uleule mara ishirini au thelathini hadi kila pigo likae mahali pake. Huenda ndiyo sababu, kati ya michezo yote ya video inayohusu mdundo, ninaourudia kila mara ni Vib-Ribbon, ambao kwa macho ni maskini kuliko yote: mistari myeupe juu ya giza tupu, na sungura aliyechorwa kwa mistari hiyohiyo, akitembea juu ya utepe usiokwisha.

Mchezo huu ulitoka Japani mwezi Desemba 1999 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, mashine ya michezo ya Sony. Ni kazi ya NanaOn-Sha, kampuni ya Masaya Matsuura, mwanamuziki aliyekuwa katika kundi la PSY·S kabla ya kuingia kwenye michezo, na ambaye mwaka 1996 alikuwa ameshatoa mchezo wa PaRappa the Rapper. Ulaya iliupata mwaka 2000, lakini Marekani ilisubiri hadi 2014. Miaka miwili kabla ya hapo, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilikuwa limeuingiza katika michezo 14 ya kwanza ya mkusanyo wake, na sioni kuwa lilikosea.

Sungura anaitwa Vibri. Anatembea mwenyewe, na wewe humwongozi aende wapi. Kazi yako ni kumvusha vizuizi vinne tu, yaani boksi, shimo, kitanzi na mawimbi yenye ncha, na kila kimoja kina kitufe chake kwenye pedi. Ukishazoea, vinaanza kuungana viwiliviwili: kitanzi kinapata shimo ndani yake, boksi linaota mawimbi mgongoni, nawe unalazimika kubonyeza vitufe viwili kwa pigo moja. Ukikosea, mistari ya Vibri inatetemeka na kuchanganyikana kama maandishi ya mtoto anayejifunza kushika kalamu. Ukiendelea kukosea anashuka kuwa chura, kisha kiumbe kama mnyoo, na hapo umebakiza hatua moja kuupoteza mchezo. Ukipatia vizuizi 18 mfululizo, anavaa taji na kuota mabawa. Hakuna kipimo cha uhai pembeni mwa kioo, kwa sababu hali yako yote unaiona katika mwili wa yule unayemvusha.

Ila kinachoufanya mchezo huu usifanane na mwingine ni kwamba unaweza kuitoa CD yake kwenye mashine, ukaweka CD yoyote ya muziki uliyonayo, na wimbo wako ukageuka kuwa njia. Hapa ndipo umaskini wa picha unapoeleweka. PlayStation ile ina kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu, yaani takriban baiti milioni 2. CD ya muziki hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16 (baiti 2), kwa upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata baiti 176,400 kwa sekunde moja ya wimbo. Hata kama ungefuta programu nzima na kuijaza kumbukumbu yote kwa muziki, ungepata takriban sekunde 12, ambazo kwa kwaya za huku kwetu hazitoshi hata utangulizi wa kinanda. Kwa hiyo wimbo hauna budi kusomwa kutoka kwenye CD wakati uleule unapocheza, na maadamu mashine ina nafasi ya CD moja, ile ya mchezo lazima iwe imeshatoka. Wabunifu waliufanya mchezo wote kuwa mwembamba kiasi cha kuenea ndani ya kumbukumbu ile mara moja, usihitaji tena CD yake. Rangi, mavazi na mandhari ya milima vingekula nafasi hiyo, lakini mistari haili nafasi.

Juni iliyopita, mwalimu mmoja wa kwaya, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja kuchukua CD ya nyimbo zao. Nilimwamkia, nikampa chai kwa sababu ya baridi, kisha nikamwomba ruhusa ya kuiweka CD hiyo kwenye mashine iliyounganishwa na TV ya chogo pale wateja wanaposubiri. Wimbo wa kwanza unaanza na dada mmoja akiimba peke yake, bila chombo chochote, na utepe ulikuwa karibu umenyooka. Hata hivyo, alipofika kwenye neno "pendo", boksi lilichomoza. Nilitambua mara moja: ile "p" ilikuwa imepuliza pumzi kwenye mikrofoni, na mimi wakati wa kuchanganya sauti sikuipunguza vya kutosha. Ngoma na makofi yalipoingia, njia ilijaa, na vidole vyangu vikaanza kushindwa.

"Fundi," mzee aliniambia, "kumbe hiki kinasikia makofi kuliko sauti zetu."

Alisema kweli, na huo ndio upungufu ninaoukubali. Sikio la mchezo huu linakamata pigo na mabadiliko ya nguvu ya sauti. Sauti ya nne ikiimbwa kwa upole na usahihi wote, haileti hata shimo moja. Mara nyingine vizuizi havikai juu ya mdundo unaoupiga kwa mguu, na mchezaji anahisi ameonewa. Nyimbo sita zilizomo ndani ya mchezo wenyewe, za kundi la Laugh and Peace, zinashikamana na njia yake vizuri zaidi.

Pamoja na hayo, nimeutumia kuwafundisha vijana wanaojifunza kazi studioni kwangu jambo ambalo kwa maneno lilikuwa halishiki. Wengi wao hupenda kuibana sauti ya wimbo mpaka kila kitu kiwe kikubwa sawasawa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Niliwawekea wimbo uliobanwa hivyo, kisha toleo la wimbo uleule lililoachiwa kupanda na kushuka. Katika la kwanza njia ilikuwa vurugu isiyopumzika. Katika la pili kulikuwa na mahali pa kutembea, mahali pa kuchemka, na mahali pa kupata pumzi tena. Kijana mmoja aliomba mradi wake aufungue upya siku hiyohiyo.

Atakayetaka kujaribu azingatie mambo machache. Anapochoma CD, aichome kama CD ya muziki, kwa sababu mashine hii haisomi MP3. TV ya chogo inafaa zaidi, kwani flati skrini nyingi huchelewesha picha kidogo, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kumgeuza Vibri kuwa chura. Na aanze na wimbo wa taratibu wenye ngoma inayosikika vizuri. Nyimbo za makofi aziache kwa siku ya pili.