Vilindi vya bahari na mtaro wa mtaani kwetu

Jumamosi ya wiki ya pili ya Kwaresima, Misani husomwa nabii Mika: "nawe utazitupa dhambi zao zote katika vilindi vya bahari." Nimelisikia somo hilo tangu utotoni. Lakini kazi yangu ni kupima plastiki iliyozama kwenye tope la mikoko, na siku hizi likisomwa moyo hunisumbua. Kwa Mika, kilindi ni mahali pasipofikika, na anayetupa huko ni Mungu peke yake. Sisi tumejitwalia ruhusa hiyo.

Mwaka 1998 chombo cha Wajapani kilipiga picha ya mfuko wa plastiki katika Mfereji wa Mariana, Bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900 chini ya maji. Mwanga wa jua haufiki huko. Mfuko umefika.

Kwetu Dar es Salaam safari huanzia mlangoni. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, ukipokea mitaro ya mitaa mingi njiani. Sote tunaijua tabia yetu: wingu likitanda, mtu anatoa kiroba cha taka ndani na kukimwaga mtaroni, maji yachukue. Mvua ikikatika, mtaa unang'aa. Makopo, vifuniko na kandambili vimeshanasa kwenye mizizi ya mikoko.

Hapo jua huikausha plastiki mpaka ipasuke, mawimbi huisaga, na kinachobaki ni chembe za chini ya milimita 5, nyingine hazionekani kwa macho. Jumatano ya Majivu tunaambiwa: kumbuka u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Jani la mkoko hurudi, mfupa wa samaki hurudi. Vijidudu vinavyoozesha jani havina uwezo huo kwa plastiki, kwa hiyo inakuwa vumbi lisilorudi udongoni. Kasa humeza vipande vya mifuko akidhani ni yavuyavu. Dagaa hula chembe pamoja na chakula chao. Nasi Ijumaa za Kwaresima tunaacha nyama, tunakwenda Feri kununua vibua na dagaa. Bahari ndiyo inayotulisha mfungo wetu!

Nashukuru kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea, rambo, imepigwa marufuku Tanzania. Chupa za maji hazikuguswa, na inaniuma kuziona zimetapakaa nyuma yetu tukishamaliza Njia ya Msalaba.

Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Majuto tunayo, nimehudhuria semina nyingi za mazingira ambako watu walisikitika kweli. Tunakwama kwenye malipizi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakuishia kusikitika, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Na malipizi ya bahari yana majira yake. Kwaresima hutukuta kaskazi ikielekea ukingoni, masika ikibisha hodi. Katika majuma haya taka bado zimelala kavu mitaroni, koleo moja na kiroba vinatosha. Zikishazama kwenye tope la mikoko, mimi mwenye vifaa vya maabara siwezi kuzitoa bila kujeruhi mizizi. Ndiyo maana jumuiya yetu ndogo ndogo iliponiomba niwapeleke kusafisha ufuko, niliwasihi tuanze na mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu. Wengine walivunjika moyo kidogo, maana ufukweni kuna upepo mzuri na mtaroni kunanuka.

Tumeshafanya Jumamosi tatu. Makopo tunamwachia kijana anayeyaokota, huyauza kwa kilo. Bado kalvati la barabarani, limeziba mpaka juu, na jana jioni wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Kisarawe. Tunakutana kesho saa 12 asubuhi, kabla ya Misa.