Hayakuanzia kwenye bembea: dhana potofu kuhusu maonyesho ya kilimo ya kaunti za Marekani

Dhana: Maonyesho haya ni gulio la kale lililohamia kutoka Ulaya.

Ukweli: Gulio ni jingine, maonyesho ni mengine. Mji wa York, Pennsylvania, hujivunia mwaka 1765, ulipopewa hati ya gulio. Lile lilikuwa la kuuza na kununua. Maonyesho yaliyoandaliwa na chama cha wakulima cha kaunti, York iliyapata mwaka 1853.

Mtindo wenyewe ulitoka Pittsfield, kaunti ya Berkshire, Massachusetts. Mwaka 1807 Elkanah Watson, mfanyabiashara aliyegeukia ukulima, aliwaweka kondoo wawili wa Merino, aina yenye sufu laini, chini ya mti katika uwanja wa mji, na watu wakafurika kuwatazama. Agosti 1810 yeye na wakulima 26 wakatangaza maonyesho ya mifugo, yakafanyika tarehe 1 Oktoba. Mwaka uliofuata chama kikasajiliwa kwa jina la Berkshire Agricultural Society, na Septemba hiyo kukawa na maandamano: maksai zaidi ya 60 wakikokota plau moja, wanachama wamechomeka mashuke ya ngano kofiani. Shabaha ilikuwa kumtia jirani wivu wenye faida, ili naye akafuge mbegu bora.

Dhana: Merino walikuwa kivutio tu.

Ukweli: Walikuwa biashara. Hispania iliwalinda kondoo hao kwa muda mrefu wasitoke nje, mpaka vita vya Napoleon vikalegeza ulinzi. Wakati huohuo zuio la biashara la Marekani la mwaka 1807, kisha vita na Uingereza vya 1812, vilizuia nguo za Waingereza kuingia, na bei ya sufu ikapaa. Amani ilipokuja mwaka 1815 vitambaa vya Uingereza vikarudi, bei ikaporomoka, na wengi wakabaki na kondoo walionunuliwa kwa bei ya kuruka. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1819 ya kutoa dola 10,000 kwa mwaka kwa ajili ya vyama vya wakulima vya kaunti, vilivyoandaa maonyesho; fedha hizo zilipokoma, vyama vingi vikafa. Wimbi la pili la maonyesho lilikuja miaka ya 1840.

Dhana: Wanawake waliongezwa baadaye sana, kwa ajili ya keki.

Ukweli: Berkshire iliwafungulia milango mapema mwaka 1813, na walichoshindania kilikuwa nguo zilizofumwa nyumbani. Siku yenyewe hakuna aliyetaka kutangulia kuingia ukumbini, ikabidi Watson amtangulize mkewe.

Dhana: Michezo imeharibu maonyesho siku hizi.

Ukweli: Malalamiko haya yana umri wa maonyesho yenyewe, au karibu yake. Katikati ya karne ya 19 waandaaji walikuwa tayari wanaruhusu mbio za farasi, wakiziita “majaribio ya mwendo” ili wachungaji wa makanisa wasinung'unike. Kiingilio cha watazamaji wa mbio ndicho kilicholipa zawadi za ng'ombe. Bembea za gurudumu zilivuma baada ya George Ferris kujenga gurudumu lake Chicago mwaka 1893, lenye urefu wa mita 80 hivi na vibanda 36 vya watu 60 kila kimoja. Lile halikuweza kuhamishwa kila wiki. Madogo ya kufungua na kufunga ndiyo yaliyofika vijijini.

Dhana: Kikubwa ndicho kinachoshinda.

Ukweli: Kwa boga, ndiyo, mizani ndiyo jaji. Pale Topsfield, Massachusetts, mwaka 2012 lilipimwa boga la kilo 911, la kwanza kuvuka ratili 2,000. Hata hivyo, tundu linalofika kwenye uwazi wa ndani huliondoa mashindanoni.

Kwa maksai wa nyama, mambo hugeuka. Hupimwa na kuvishwa hereni miezi kadhaa kabla, ili asibadilishwe. Jaji hutazama msuli wa kiuno na mapaja, miguu inavyokanyaga, na tabaka la mafuta juu ya mbavu; aliyenenepa kupita kiasi hushuka daraja. Kwa kuwa wengi huenda machinjioni baada ya mnada, dawa iliyochomwa siku chache kabla inaweza kumfungia njia.

Kwenye chupa za vyakula vya kuhifadhi, jaji huanza na nafasi iliyo chini ya kifuniko: milimita 6 hivi kwa jamu, 12 kwa matunda na nyanya, 25 kwa maharagwe mabichi. Ukijaza mno, chakula hufurika wakati wa kuchemka, hushika ukingo, na kifuniko hakifungi. Ukipunguza mno, hewa hubaki na chakula cha juu hugeuka rangi. Maharagwe lazima yawe yamepikwa kwa presha, na hata hivyo jaji mwenye busara hayaonji, kwa hofu ya sumu ya botulini.

Dhana: Watoto wa siku hizi hupewa utepe wa ushindi bure.

Ukweli: Mashindano mengi ya 4-H, mpango wa vijana wa Marekani wa kujifunza kilimo na kazi za mikono, hufuata mfumo wa Kidenishi. Kila kazi hupimwa kwa kigezo badala ya kulinganishwa na ya mwenzake, hivyo chupa kumi za jamu zaweza zote kupata utepe wa buluu, ulio wa daraja la juu, au isipate hata moja. Na buluu hiyo ni ya kwanza huko Marekani tu. Uingereza na Kanada, wa kwanza huvishwa nyekundu.