Los Pepes hawakuwa raia wenye hasira

Wengi huamini kuwa Los Pepes, kundi lenye silaha lililoibuka Kolombia mapema 1993, walikuwa wananchi waliochoshwa na Pablo Escobar, mfanyabiashara mkubwa wa kokeini, wakaamua kumsaka wenyewe. Sivyo. Ndugu Fidel na Carlos Castaño, pamoja na Diego Murillo, maarufu kama Don Berna, walioliongoza kundi hilo, walikuwa watu wa mtandao wa Escobar. Walimgeuka baada ya yeye kuwaua washirika wake, Galeano na Moncada, mwaka 1992. Fedha nyingi za kundi zilitoka kwa mahasimu wa Escobar wa biashara, genge la kokeini la jiji la Cali. Los Pepes waliua mawakili wa Escobar na kuchoma mali zake. Mwaka 1997 Carlos aliunganisha makundi ya mgambo kuwa kundi moja, AUC, lililojiendesha kwa pesa za kokeini.