Neuland si fonti ya Kiafrika

Brosha ya safari, pakiti ya kahawa, bango la tamasha la ngoma: kote herufi zilezile nene zenye kona kali, na mteja bado anasema, "Tuwekee ile fonti ya Kiafrika." Hiyo ni Neuland, na kwao ni Offenbach, Ujerumani. Rudolf Koch aliitengeneza kwa ajili ya kiwanda cha herufi cha Klingspor, ikatoka mwaka 1923. Lithos, fonti nyingine ambayo nayo hubandikwa jina hilohilo, ni ya Carol Twombly wa Adobe, kampuni ya Marekani ya programu za kompyuta, mwaka 1989, na chimbuko lake ni maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale.

Koch hakuanza na mchoro. Alichonga herufi moja kwa moja kwenye chuma, saizi baada ya saizi, kwa hiyo A ya saizi moja haikuwa nakala kamili ya A ya saizi nyingine. Ncha zimepanuka kidogo, na herufi ndogo hazimo kabisa. Macho yakaona alama ya mkono, yakasema "asili", na "asili" ikageuzwa kuwa "Afrika". Hapo ndipo ninapoudhika. Nani aliamua kwamba kilichochongwa kwa mkono lazima kiwe chetu, na kilichonyooka kiwe cha wengine?

Kama fonti, ni nzuri sana. Itumie kwa maneno mawili matatu, pointi 36 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) kwenda juu. Aya nzima ni ukuta mweusi. Kwa kuwa hakuna mikia inayoshuka, mistari ibane: herufi za pointi 36 zipewe pointi 36, hata 34, kutoka mstari hadi mstari.

Kazi ngumu ni nafasi kati ya herufi, na Kiswahili huianika wazi. Andika WATALII. Kati ya W na A, kisha T na A, patabaki mashimo. Halafu L-I-I zitasongamana kama fito za ua. Bana WA na TA kwa mkono, achia LII, kisha geuza neno juu chini ulitazame kama umbo tu. Nafasi za kompyuta zenyewe hazitoshi. Toleo lenye mstari mweupe katikati ya herufi liwe kubwa zaidi: kwenye fulana, mstari ukiwa mwembamba kuliko nusu milimita, wino unaopitishwa kwenye wavu wa kuchapia unauziba.

Je, nikatae kuiweka kwenye kazi ya safari? Nasita. Imetumika hivyo kwa muda mrefu hadi msomaji anaielewa papo hapo, na matumizi nayo huzaa maana. Lakini ukitaka herufi zenye mizizi hapa, anza na jina la khanga: herufi kubwa za wazi, mstari mmoja ndani ya fremu, zisomeke mvaaji akiwa anatembea. Au mwandiko wa Kiarabu uliochongwa juu ya milango ya Unguja. Huo nao ni kazi ya patasi.