Tembe anapokaribia kutaga: kiota kimtangulie

Wafugaji wengi wa Mtwara na Lindi huanza kutafuta mbao za kiota baada ya kuokota yai la kwanza chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya korosho au kwenye majani makavu shinani mwa mkorosho. Hapo umeshachelewa. Tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, huchagua mahali pa kutagia siku kadhaa kabla ya yai lenyewe, na akishataga hapo mara tatu au nne, kumhamisha ni kazi kubwa kuliko kumzoesha mapema. Sanduku la kutagia liwe bandani wiki 2 hadi 3 kabla ya yai la kwanza.

Utajuaje kwamba wiki hizo zimefika? Umri unasaidia kukisia tu. Kuku wa kisasa wa mayai huanza akiwa na wiki 18 hadi 20, chotara wengi karibu na miezi 5, na wa kienyeji anayejitafutia chakula anaweza kufika miezi 6 hata 7. Mtazame mwenyewe. Undu, ambao wengine huuita upanga, unakua na kuwa mwekundu, pamoja na nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Ukimpelekea mkono mgongoni, badala ya kukimbia anachuchumaa na kutanua mabawa kidogo. Mshike jioni, upapase mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia: kwa tembe ambaye bado, kati yake hupita kidole kimoja kwa shida, kwa aliye karibu hupita viwili au vitatu. Siku za mwisho utamwona hatulii. Anachungulia pembe, anaingia jikoni, anatoka, anarudi, huku akitoa sauti ndogo kama ya kulalamika. Huyo anatafuta mahali penye giza kidogo, pakavu, palipotulia, ambapo anaweza kuchimba kishimo kwa kifua chake. Sanduku lako lishinde kichaka kwa mambo hayo, vinginevyo kichaka kitashinda.

Chumba kimoja cha kutagia kinatosha kuku 4 hadi 5, kwa hiyo mwenye tembe 12 anahitaji vyumba 3. Kila chumba kiwe na upana wa sentimita 30, kina cha 35 kwenda ndani, na kimo cha 35. Kwa chotara wakubwa ongeza sentimita 5 kila upande. Mabanzi yanafaa kabisa, mianzi pia, mradi pasiwe na misumari iliyochomoza. Mbele weka ubao wa kuzuia wenye kimo cha sentimita 10, ili matandiko na mayai yasimwagike. Sakafu ya sanduku isizidi sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, na mbele ya mlango pawe na ufito wa kutua. Paa la sanduku lilale mteremko mkali, la sivyo kuku watalala juu yake na kinyesi kitaingia ndani.

Fito za kulalia ziwe juu kuliko sanduku. Kuku hupenda kulala juu kabisa. Sanduku likiwa ndilo lililo juu, watalala ndani yake, na asubuhi yai safi litatua kwenye kinyesi cha usiku. Likae upande wenye kivuli, mbali na mlango na mahali watoto wanapopita. Usiliegemeze chini ya bati linalopigwa na jua la mchana, hasa miezi ya joto kali kabla ya mvua: kuku ataingia, atahema, atatoka. Ukitundika kipande cha gunia kinachoziba nusu ya mlango, utapata lile giza dogo analolitafuta.

Matandiko ndiyo yanayoharibu masanduku mengi mazuri. Jaza sentimita 8 hadi 10 za nyasi kavu, makapi ya mpunga au nyuzi za makumbi ya nazi zilizochambuliwa zikawa laini. Maranda ya mbao yanafaa yakiwa makubwa na makavu, lakini si vumbi la msumeno. Maganda ya korosho mbichi usiyatumie hata kama yamejaa uani. Mafuta yake huunguza ngozi ya mbanguaji, na huyo tembe anakuja kulalia kwa kifua na tumbo. Sakafu ya banda, kwa upande wake, iwe na matandazo membamba ya sentimita 3 hadi 5 mpaka wote wazoee sanduku. Ukitandika sakafuni laini kuliko kiotani, umemwambia atage sakafuni.

Sasa kumfundisha. Weka yai bandia moja katika kila chumba: kipande cha mti kilichochongwa, jiwe jeupe la mviringo, au yai lililotobolewa, likamwagwa, likajazwa mchanga mkavu na kuzibwa. Kuku huamini kwamba palipo na yai ni salama. Mayai mengi hutagwa kati ya saa 1 na saa 5 asubuhi, kwa hiyo wafungie tembe bandani hadi saa 5 kwa siku 10 hadi 14, wakiwa na maji na chakula. Akianza kuhangaika kwenye pembe, mbebe taratibu, mwingize chumbani, shusha gunia, mwache. Usimkimbize. Na usishangae watatu wakigombea chumba kimoja wakati viwili ni vitupu. Ndivyo walivyo, na ndiyo sababu yai bandia linahitajika katika kila chumba.

Yai likionekana sakafuni, liokote mara moja, kwa sababu linamwita kuku wa pili. Pembe hiyo izibe kwa tofali au fungua mwanga uifikie.

Kwa aliyeshajificha tayari, hasa mvua zikianza Desemba na majani yakawa marefu, mshike alfajiri na umpapase chini ya mkia. Ukihisi kitu kigumu cha mviringo, atataga siku hiyo. Mfungie mahali pasipo na kiota hadi saa 5, kisha mfungulie na umfuate kwa mbali. Ataelekea moja kwa moja. Chukua mayai yote pamoja na majani ya kiota chake, ukayatandike ndani ya sanduku na yai bandia, kisha umfungie asubuhi kama wenzake. Ukichukua mayai tu bila kumfungia, kesho atahamia kichaka kingine, ambako kenge na nguchiro watafika kabla yako. Mayai uliyoyakuta huko yatumbukize majini: linalolala chini bado ni zuri, linalosimama wima ni la siku nyingi, linaloelea litupe.

Kuku aliyezoea sanduku akilihama ghafla, shuku utitiri. Nenda usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe kwenye nyufa. Kikitoka na alama nyekundu za damu, wapo. Choma matandiko, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, anika sanduku juani, kisha tumia dawa ya unga ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo kwa kipimo kilichoandikwa, na urudie baada ya siku 7 hadi 10 kwa ajili ya mayai ya utitiri yatakayokuwa yameanguliwa. Dawa za maji na salfa zilizobaki baada ya kupulizia mikorosho zisiingie kiotani. Hazikuandaliwa kwa kuku wala kwa yai utakalomkaangia mtoto.

Ganda laini hupasuka kiotani, na yai lililopasuka ndilo linalomfundisha kuku kula mayai. Kuanzia yai la kwanza weka maganda ya chaza au kome kwenye chombo chake peke yake, si ndani ya pumba, ili kila kuku ale kiasi anachohitaji. Wakazi wa Mikindani, Lindi na Kilwa wanayo pwani bure: yaoshe yatoke chumvi, yakaushe, yatwange hadi vipande vya ukubwa wa punje ya mtama. Maji pia yahesabiwe. Kuku mmoja anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kule juu Newala, ambako maji ni ya kubebwa, hapo ndipo mayai yanapopungua bila mwenyewe kujua kwa nini.

Kusanya mayai mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuku wa kienyeji akikataa kutoka sandukuni na kutunisha manyoya ukimsogelea, ameanza kuatamia. Ukitaka vifaranga, mhamishe usiku na mayai yake hadi kwenye tenga la peke yake, hesabu siku 21, na sanduku ubakishie wanaotaga.